LOGO! 8 ya Siemens kwa viwanda vya Uganda: kifaa kidogo pale ambapo fundi wa otomesheni hapatikani

Kuanzia Namanve hadi Jinja, Tororo na Kapeeka, wenye viwanda wanalia na jambo moja. Mafundi umeme wapo. Wapo wanaofunga nyaya za nyumba kwa unadhifu, wanaobadilisha kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) bila kuuliza mtu, wanaosuka upya mota iliyoungua. Anayekosekana ni yule wa kuunganisha laptopu na mashine iliyosimama, akasoma programu yake, akasema ni sensa ipi haijatoa ishara. Mstari wa kujaza chupa 6,000 kwa saa ukisimama saa nne kumsubiri mtu huyo, chupa 24,000 hazijatoka, na mishahara ya zamu inaendelea kuhesabiwa. Akiitwa kutoka kwa muuzaji wa mashine ng'ambo, saa hugeuka siku, na tiketi ya ndege hulipwa na kiwanda.

Wachache wanaoijua kazi hii hawakai. Kiwanda kidogo kikimlea fundi miaka miwili, jirani mkubwa humchukua, au mwenyewe huvuka mpaka kwenda Kigali, Juba au nchi za Ghuba. Kwa hiyo anayenunua kifaa cha otomesheni hapa Uganda hana budi kuuliza zaidi ya bei na uwezo: kikigoma usiku, nani atakishika? Na fundi niliye naye leo anaweza kukijua baada ya muda gani?

Kwa kipimo hicho tunaiangalia LOGO! 8, kidhibiti kidogo kinachopokea ishara za vitufe na sensa, kikafuata programu uliyoiandika, kikawasha na kuzima mashine. Siemens walianza kuuza familia ya LOGO mwaka 1996. Kizazi cha 8 kilitoka 2014 na kikaweka tundu la Etherneti kwenye kila kifaa cha msingi. Kwa kinu cha mahindi, kiwanda kidogo cha maji, kituo cha pampu, karakana ya mbao, au kona moja ya kiwanda kikubwa, ni ununuzi mzuri. Kama darasa la kwanza la fundi umeme anayeingia kwenye otomesheni ni bora zaidi, mradi mwenye kiwanda atimize masharti mawili: anunue viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha kujifunzia, na programu ibaki mikononi mwa kampuni badala ya kukaa kwenye laptopu ya mtu mmoja. Bila hayo mawili, utakuwa umeongeza kisanduku kingine ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

Toleo lipi

Kifaa cha msingi kina upana wa milimita 72, kinakaa kwenye reli ya DIN ya milimita 35 (ile ya kufungia vifaa ndani ya paneli), na kina viingilio 8 vya kupokea ishara (I1 hadi I8) na vitokeo 4 (Q1 hadi Q4). Matoleo mawili ndiyo yanayopaswa kukushughulisha: 230RCE na 12/24RCE.

230RCE inavutia kwa sababu inakula umeme wa ukutani moja kwa moja, na inavumilia kuanzia 85 hadi 265 V. Kwa pampu iliyo mwisho wa laini ndefu ya kijijini, ambako volti hupanda na kushuka mchana kutwa, uvumilivu huo una thamani. Lakini haina kiingilio cha analogi (cha ishara inayopanda na kushuka, si ya kuwaka na kuzima tu), vitufe vyote vya mlango wa paneli hubeba volti 240, na viingilio vyake vimegawanywa makundi mawili ya vinne. Ndani ya kundi moja hairuhusiwi kuchanganya fezi mbili, na fundi asiyesoma maelekezo huchanganya.

Ina tabia nyingine inayowasumbua mafundi wengi. Kiingilio cha 230RCE huhesabu chochote kinachozidi 79 V kuwa "imewaka", na mkondo kinaouhitaji ni mdogo mno, chini ya 0.1 mA. Waya wa swichi ya boya ukilazwa mita 60 kwenye mfereji mmoja na kebo ya mota, huokota volti za kutosha kuidanganya LOGO. Boya limefunguka, tangi linamwagika, pampu haizimi. Maltimita inasoma 90 V kwenye waya ambao hauna kitu. Ukiweka taa ya kupimia, haiwaki. Fundi mgeni wa kifaa hiki hubadilisha boya, kisha hubadilisha LOGO, na tatizo liko palepale. Dawa ni kutenganisha nyaya, au kuweka rilei ndogo katikati ya swichi na kiingilio, au kufunga kapasita ya daraja la X2 ya 100 nF kati ya kiingilio na nutro. Sensa za waya mbili na vitufe vyenye kitaa ndani huleta hila hiyohiyo kwa sababu huvujisha mkondo kidogo.

Kwa mafunzo na kwa kiwanda tunapendekeza 12/24RCE. Volti 24 haimdhuru mwanagenzi aliyegusa pabaya, viingilio vinne (I1, I2, I7, I8) vinaweza kusoma analogi ya 0 hadi 10 V, na vile vya katikati, I3 hadi I6, hufuata mapigo ya haraka hadi 5 kHz. Mtego wake ni mmoja, nao huwashika karibu wote wanaoanza: AI1, yaani kiingilio cha kwanza cha analogi kwenye programu, haiko kwenye kiingilio cha I1. AI1 ni I7, AI2 ni I8, AI3 ni I1, AI4 ni I2. Andika hayo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa paneli.

Vitokeo vya matoleo yote mawili ni rilei, na kila kimoja kina jozi yake ya viungio, kwa hiyo Q1 inaweza kubeba 24 V na Q2 ikabeba 240 V bila ugomvi. Kila rilei inabeba 10 A za mzigo wa kawaida kama hita, lakini 3 A tu za mzigo wenye koili. Ndani hakuna fyuzi. Unalinda mwenyewe kwa sakiti breka isiyozidi B16. Tena rilei hizi hazikuumbwa kuwaka na kuzima kwa kasi: mara mbili kwa sekunde kwa mzigo wa kawaida, na mara moja kila sekunde mbili kwa koili. Anayetaka kupepesa vali kwa kasi zaidi achukue toleo la transista, 24CE, akijua kila kitokeo chake hubeba 0.3 A pekee.

Benchi la mazoezi, na kwa nini lisikosekane

Mafundi hawajifunzi otomesheni kwenye mashine inayozalisha. Msimamizi wa zamu hawezi kuruhusu mtu ajaribu programu kwenye konveya yenye unga, na ana haki. Kwa hiyo kiwanda kinachotaka kulea watu wake kinatakiwa kuwa na ubao wa plaiwudi wa mita 1 kwa sentimita 80 ukutani mwa karakana, na juu yake: LOGO 12/24RCE moja, pawa saplai ya 24 V na 2.5 A, sakiti breka mbili za 6 A, vitufe vinne vya kijani vya NO (hufunga sakiti vikibonyezwa) na viwili vyekundu vya NC (hukata sakiti vikibonyezwa), kitufe kimoja cha dharura chenye kontakti mbili za NC, swichi mbili za kuchagua, taa nne za 24 V, kontakta tatu ndogo zenye koili ya 24 V DC na kontakti saidizi ya NC kwa kila moja, ovalodi moja (kinga inayozima mota ikizidiwa), na sensa ya proksimiti (inayotambua chuma kikikaribia) ya M18 aina ya PNP. Ongeza mita 100 za waya wa 0.75 mm², pakiti ya feruli (vikofia vya ncha za waya) na kibanio chake, na dayodi tatu za 1N4007 za kufunga kinyume kwenye koili ili mshtuko wa koili usile kontakti za LOGO.

Kwa analogi, potenshiometa ya 10 kΩ inatosha, lakini usiiunge moja kwa moja kwenye 24 V. Itanguliziwe rizista ya 15 kΩ. Hapo juu kabisa utapata 9.6 V, na kiingilio kiko salama.

Mota haihitajiki kabisa. Kontakta zikigonga kwa mpangilio sahihi, somo limeeleweka. Wanaoongeza mota ndogo kwa ajili ya sta-delta (kuianzisha mota kwa muungo wa sta wenye mkondo mdogo, kisha kuihamishia delta) huingia kwenye kosa lililo kubwa: mota nyingi ndogo zimeandikwa 230/400 V, na mota ya namna hiyo ikiwekwa delta kwenye 415 V yetu inaungua. Ya sta-delta lazima kibao chake kisomeke 400/690 V.

Watu wawili kwa benchi moja, vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki, wiki kumi na mbili. Tungewachagua fundi umeme mmoja na fundi mitambo mmoja kuliko mafundi umeme wawili. Hitilafu nyingi zinazoandikwa "sensa mbovu" ni bracketi iliyolegea, beringi iliyokufa au mkanda uliohama, na anayejua mitambo huliona hilo kwanza.

Masomo yanayolipa

Anza na kuwasha na kuzima mota kwa bloku (kipande cha programu chenye kazi moja) ya kushikilia. Hapo mwanagenzi anajifunza kwamba kitufe cha kuzima ni NC, ili waya ukikatika mashine isimame yenyewe. Anajifunza pia kwamba kitufe cha dharura hakipiti kwenye LOGO. Kinakata umeme wa koili za kontakta moja kwa moja, na kontakti yake ya pili ndiyo inayoipa LOGO habari. LOGO si kifaa cha usalama. Vivyo hivyo ovalodi: kontakti yake ya NC, 95-96, inakaa kwenye mfululizo na koili, ile ya NO, 97-98, inaenda kwenye kiingilio ili skrini iseme nini kimetokea.

Hapo hapo fundisha kuhusu kumbukumbu, maana umeme wetu hukatika. Bloku nyingi zina kisanduku cha kuhifadhi hali umeme ukipotea. Kwa kaunta na saa za kazi, kiwekewe alama. Kwa bloku inayoshikilia mota, kisiwekewe kamwe: umeme ukirudi, mota itaruka yenyewe huku mtu ameingiza mkono kwenye mkanda.

Sta-delta ndiyo somo la pili. Kontakta kuu na ya sta zinaingia, taima inahesabu (kwa mota ya 15 kW inayozungusha feni au kinu kilicho kitupu, anza na sekunde 6 hadi 10 kisha rekebisha kwa kusikiliza mota ikifika kasi), sta inaachia, unasubiri 50 hadi 100 ms, ndipo delta inaingia. Nafasi hiyo ndogo ikisahaulika, kontakta mbili hukutana na paneli hulipuka. Programu pekee haitoshi kuzuia hilo: kontakti ya NC ya sta lazima ipite kwenye koili ya delta, na ya delta kwenye koili ya sta, kwa waya halisi. Mafundi vijana waliozoea skrini huuliza kwa nini kufunga mara mbili. Jibu ni kwamba kontakta iliyoganda haisomi programu. Na ovalodi ikiwa imekaa kwenye nyaya za koili za mota, iwekwe 0.58 ya mkondo wa kibaoni. Mota ya 28 A inawekwa 16 A.

Somo tunalolipenda zaidi ni la konveya iliyokwama, kwa sababu linamfundisha mtu kufikiri. Bolti moja inafungwa kwenye puli ya nyuma ya konveya, sensa inaitazama, kila mzunguko unatoa pigo moja. Pigo likikosekana kwa sekunde 3, mkanda umekatika au umekwama, LOGO inazima mota na kuandika BELTI IMEKWAMA. Wengi huunga sensa moja kwa moja kwenye bloku ya kuchelewesha kuzima, wanajaribu, inafanya kazi, wanaondoka. Siku konveya itakaposimama bolti ikiwa mbele ya sensa kabisa, kiingilio kitabaki kimewaka, taima haitaanza kuhesabu, na mota itaendelea kusukuma hadi mkanda uungue. Katikati lazima ikae bloku ya AND yenye kutambua ukingo, ambayo hutoa pigo fupi pale tu ishara inapobadilika. Ongeza sekunde 5 za kusamehe wakati wa kuanza, la sivyo konveya haitaondoka kamwe. Muulize mwombaji yeyote wa kazi ya matengenezo kuhusu bolti iliyosimama mbele ya sensa. Jibu lake litakuambia mengi kuliko cheti.

Kisha analogi. Sensa nyingi za kina cha tangi hutoa 4 hadi 20 mA, na LOGO ya msingi husoma volti. Rizista ya 500 Ω kati ya kiingilio na M (upande hasi wa 24 V) hugeuza mkondo huo kuwa 2 hadi 10 V, ambao LOGO husoma kama 200 hadi 1000. Kwa tangi la mita 4, weka kizidisho 0.5 na nyongeza ya −100: 200 inakuwa sifuri, 1000 inakuwa sentimita 400. Usomaji ukishuka chini ya 180, tangi halina kosa lolote. Waya umekatika au sensa imekufa, na programu inatakiwa kutofautisha hali hiyo na tangi tupu. Mitambo mingi haitofautishi, na ndiyo maana pampu hubaki ikijaza tangi lililokwisha kujaa. Asiyetaka rizista anunue moduli ya AM2, inapokea mkondo moja kwa moja.

Saa za kazi: sehemu isiyotumiwa

Ndani ya LOGO kuna bloku ya kuhesabu saa za kazi. Unaipa kipindi, tuseme saa 500 kwa grisi ya beringi za kinu au saa 2,000 kwa mafuta ya kompresa (fuata kitabu cha mashine yako), inahesabu pale tu mota inapozunguka, na kipindi kikiisha inawasha taa na kuandika ujumbe. Inahifadhi hesabu umeme ukikatika, na jumla ya saa haifutiki kwa kubonyeza kitufe cha kuanza upya.

Hii ni dawa ya moja kwa moja ya uhaba wa mafundi. Kiwanda chenye fundi mmoja hakimudu kumtuma azunguke na daftari akikisia ni mota gani imefikia zamu yake. Bloku kumi za namna hiyo, moja kwa kila mota, hazifikii hata robo ya nafasi ya bloku 400 za kifaa. Skrini ina mistari 6 ya herufi 16, na ujumbe unaandika mwenyewe. Menyu haina Kiswahili, lakini hakuna kinachokuzuia kuandika WEKA GRISI KINU 2 au OVALODI PAMPU 1, na mwendesha mashine akaelewa bila kumwita mtu. Tunashangaa jinsi paneli nyingi zilivyo na skrini inayoonyesha saa na tarehe tu.

Kuhusu saa na tarehe: akiba ya umeme ya ndani hushikilia muda kwa siku 20 hivi. Kifaa kilichokaa stoo mwezi mzima lazima kirekebishwe saa kabla ya kutegemea taima za wiki.

Programu ya kompyuta

LOGO!Soft Comfort ndiyo sababu kubwa ya kuipendelea LOGO kwa mafunzo. Inachora kwa bloku au kwa ngazi, ambayo fundi aliyezoea michoro ya kontakta huisoma siku ya kwanza. Inaiga programu nzima kwenye skrini bila kifaa: unabonyeza I1, unaona Q1 inawaka, unaona taima ikihesabu. Toleo la majaribio linakubali kuchora na kuiga, ila halipeleki programu kwenye kifaa, kwa hiyo wanafunzi kumi wanaweza kufanya mazoezi kwenye kompyuta zao na leseni moja ikakaa karakana. Kebo maalumu haihitajiki; waya wa kawaida wa mtandao unatosha. Na ukiunganisha, unaweza kutazama programu ikitembea ndani ya mashine hai, kila mstari wenye ishara ukibadilika rangi. Hapo ndipo fundi anapoacha kukisia.

Yanayokwamisha ni machache na yanajulikana. Laptopu na LOGO lazima ziwe kwenye anwani za mtandao mmoja. Fundi mwenye 192.168.1.20 hataiona LOGO yenye 192.168.0.3 hata abadilishe kebo tano. Toleo la programu liwe sawa na la kifaa au jipya zaidi, kwa maana programu ya zamani haizungumzi na kifaa cha 8.3 au 8.4. Kifaa kina ukurasa wa wavuti unaofunguka kwenye simu, nao ni mzuri kwa msimamizi aliye mbali na paneli, lakini uwekewe nywila na usiachwe kwenye waifai ileile ya wageni.

Nakala za programu ndizo tunazozihimiza kuliko yote. LOGO! 8 inapokea kadi ya kawaida ya microSD. Nakili programu humo, bandika kadi ndani ya mlango wa paneli ikiwa kwenye bahasha, weka faili lenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, na chapisha mchoro kwenye karatasi ukiwa na majina ya viingilio. Kifaa kikipigwa na radi saa tisa usiku, yeyote anayeweza kushika bisibisi anafunga kipya, anachomeka kadi, na zamu inaendelea. Nywila za vifaa vyote ziandikwe na kufungiwa kwa meneja. Fundi anayeondoka na nywila ameondoka na mashine.

Vumbi, radi na joto

LOGO inavumilia −20 hadi 55 °C, lakini ulinzi wake ni IP20, maana yake haina ulinzi wowote dhidi ya vumbi wala maji. Kwenye kinu cha mahindi au kiwanda cha saruji, kisanduku kiwe IP54 kwenda juu, nyaya ziingie kwa chini kupitia glandi, na matundu yasiyotumika yazibwe. Kisanduku cha bati kinachopigwa na jua la mchana nje ya kituo cha pampu huvuka 55 °C bila shida, kiwekee kivuli.

Kandokando ya Ziwa Victoria radi ni nyingi, na vifaa vya namna hii huuawa zaidi na mishtuko ya laini kuliko uchakavu. Kizuia mishtuko kwenye paneli kuu, na kwa 230RCE varista ya S10K275 kati ya L na N, ni gharama ndogo kwa kulinganisha. Kinga hiyo haina maana kama ardhi ya jengo ni fimbo fupi iliyochomekwa kwenye kokoto.

Inapoishia

LOGO haifundishi kila kitu. Ikiwa na moduli zote za nyongeza inafikia viingilio 24 na vitokeo 20 vya kawaida, na viingilio 8 na vitokeo 8 vya analogi. Haina lugha ya maandishi ya programu, na udhibiti wa sarvo (mota za mwendo sahihi) hauko kwenye ulimwengu wake. Fundi aliyemaliza benchi la LOGO hatafungua TIA Portal, programu ya Siemens ya vidhibiti vikubwa, na kurekebisha mashine ya kufungasha siku hiyohiyo. Ataelewa ishara, taima, analogi na mantiki ya usalama, na hilo ni zaidi ya nusu ya safari. Hatua inayofuata kwake ni S7-1200, kidhibiti kikubwa zaidi cha Siemens. CPU 1214C yenye viingilio 14, vitokeo 10 na analogi 2 inafaa kwa benchi la pili.

Kwa wasio na bajeti, kampuni ya Delta inatoa bure programu za PLC zake (vidhibiti vya mashine vinavyopangwa kwa programu), na CODESYS, programu ya PLC, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hufanya kazi saa mbili kila unapoiwasha bila leseni, muda unaotosha kipindi kimoja cha darasa. Kwa kujifunza zinafaa. Kwa mtu wa kwanza asiye na mwalimu, LOGO bado ni nyepesi zaidi kueleweka.

Watu wa kuketi kwenye benchi hilo wapo. Chuo cha Nakawa, kilichoanzishwa 1971 kwa msaada wa Japani, na vyuo vya ufundi vya Elgon kule Mbale, Lira, Kichwamba, Bushenyi na Kyema, vyote vina vijana wanaotafuta pa kufanyia mafunzo ya kazini. Wanaokuja viwandani mara nyingi hupewa ufagio na kubeba ngazi. Mpe kijana huyo benchi, kazi ya konveya hapo juu, na fundi mkubwa wa kumsimamia; baada ya wiki nane utajua kama unamwajiri. Na mwenye kujua alipwe kwa kujua. Nyongeza ya mshahara inayofungwa na kazi anazoziweza, moja baada ya nyingine, humweka mtu kuliko mkataba wa kumtisha.

Wakati wa kununua, soma namba kamili ubavuni mwa kifaa. 12/24RCE huanza na 6ED1052-1MD08 na 230RCE na 6ED1052-1FB08. Mwisho wa 0BA1 ni kizazi cha 8.3, 0BA2 ni 8.4, na 0BA0 ni cha zamani zaidi. Muuzaji anayekupa 0BA0 kwa bei ya 0BA2 mrudishie. Mwambie akiwashe mbele yako, akiunganishe na laptopu na kusoma toleo lake, kwa kuwa vya bandia vipo na vinafanana kwa sura. Nunua leseni ya LOGO!Soft Comfort kwenye ankara hiyohiyo.

Na ukiagiza mashine yoyote kutoka nje, hata isiyo na LOGO ndani, malipo ya mwisho yasitoke kabla hujapokea michoro ya umeme, faili la programu lisilofungwa, nywila zote, jina na toleo la programu ya kompyuta inayotumika, na kebo ya kuunganishia. Yaandikwe kwenye mkataba kwa majina hayo, na fundi wako ndiye awe wa kuyafungua na kuyajaribu kabla saini yako haijawekwa.